Viputo vimekoma siku ya nne: je, bia imeiva?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mpishi, nakaa Muyeye hapa Malindi. Nimetengeneza bia yangu ya pili nyumbani, lita 20, kwa kopo la kimea la kilo 1.7, kilo moja ya sukari na pakiti ya hamira iliyokuja na kopo. Si ya kuuza, ni ya nyumbani tu. Siku ya kwanza haidromita, kile kipimo cha kuelea ambacho namba yake hushuka sukari ikiliwa, ilisoma 1.043. Ilichemka kwa fujo siku mbili, ndoo ikapata joto, nikaogopa, nikaiweka kwenye karai la maji na barafu nyingi ya wauza samaki. Leo ni siku ya nne, kizibo cha maji, kile kinachopitisha gesi kwa viputo, kimenyamaza kabisa na haidromita inasoma 1.014. Nimesoma mahali kwamba bia nyingi huishia kati ya 1.010 na 1.014. Nataka kutia chupani Jumamosi, kaka yangu anakuja kutoka Mombasa. Nauliza kwa sababu bia ya kwanza, niliyotengeneza kwa vipimo hivi hivi, chupa tatu zilipasuka kabatini. Zilizobaki bado zimo humo humo, naogopa kuzigusa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ya ndoo itangoja. Tuanze na hizo za kabatini, maana hizo ndizo zinazoweza kukutoa jicho leo.

Subiri alfajiri, nyumba ikiwa imepoa. Watoto wasiwe karibu. Vaa shati la mikono mirefu, miwani yoyote uliyonayo hata ikiwa ya jua, na zile glavu nene za kutolea sinia kwenye oveni, ambazo mpishi hakosi. Fungua mlango wa kabati ukiwa umesimama nyuma yake, zitupie chupa blanketi zito au gunia lililolowa, kisha uzitoe moja moja zikiwa zimefunikwa, uzilaze kwenye kikasha cha barafu na ukifunge. Ziache humo mpaka kesho yake. Bia ikipoa hunywa gesi yake yenyewe, na shinikizo ndani ya chupa hushuka kwa zaidi ya nusu ukitoka joto la kabatini hadi baridi ya friji. Ndipo uzifungue kwenye sinki, kitambaa juu ya kizibo, polepole. Zitamwagika povu, ziache zimwagike.

Nami yalinifika, ndiyo maana nalisema kwa ukali. Miaka mingi iliyopita, msimu wa kaskazi, nilitia bia chupani kwa kuhesabu viputo tu, nikazipanga chini ya kitanda. Usiku wa tisa zikaanza kulia moja baada ya nyingine, mke wangu akidhani tunavamiwa. Asubuhi nilikuta kigae cha chupa kimejichoma kwenye ubao wa mlango, na kukitoa nililazimika kutumia koleo.

Sasa ndoo. Usiitie chupani Jumamosi. Bia yako haijaiva. Imelala, na wewe ndiye uliyeilaza.

Tazama lilivyokwenda. Hamira inapokula sukari hutoa joto, na ndoo ya lita 20 ikiwa kwenye kilele chake inaweza kuzidi joto la chumba kwa nyuzi tatu, nne, hata tano. Chumba cha Malindi wakati wa kaskazi kikiwa na nyuzi 29, ndani ya ndoo mlikuwa na 32 au 33. Hukukosea kutaka kuipoza. Kosa ni saa uliyoipoza na kiasi cha barafu. Ungeiweka kwenye maji tangu siku ya kwanza, kabla haijapamba moto, ingekwenda taratibu. Wewe uliingoja mpaka imechemka, ukaimwagia barafu nyingi kwa pamoja. Hamira iliyoshtuliwa na baridi hujikunja na kushuka chini, ikatulia kwenye tope la ndoo kabla ya kumaliza chakula kilichobaki juu yake.

Kuhusu kizibo kunyamaza: baridi peke yake inatosha kukinyamazisha. Hewa iliyo juu ya bia husinyaa ikipoa, na bia baridi huishika gesi badala ya kuiachia. Kama ulichungulia vizuri siku ile ya barafu, huenda uliona maji ya kizibo yakivutwa kuingia ndani badala ya kusukumwa nje. Kinyume chake pia hutokea. Bia iliyomaliza kazi wiki nzima, chumba kikipata joto mchana, itaanza tena kutoa viputo, na mtu ataapa inachacha upya, kumbe ni gesi ya zamani inatoka. Halafu kuna mifuniko ya ndoo isiyobana: gesi hupita ukingoni, kizibo hakitikisiki hata mara moja, na bia inaendelea kuiva kimya kimya. Mimi kizibo cha maji nakithamini kwa kuzuia nzi na hewa. Kama saa ya kunipa habari, sikiamini.

Na kuna jambo la sukari yenyewe. Hamira hula kama mtoto kwenye sahani ya pilau, hutangulia nyama. Ile kilo moja ya sukari uliyotia, pamoja na sukari nyepesi za kwenye kimea, huondoka mwanzo, na hiyo ndiyo fujo uliyoiona siku mbili za kwanza. Kisha hufuata maltosi, ambayo ndiyo sukari kubwa ya kimea. Mwisho kabisa hubaki maltotriosi, ngumu kutafuna, ambayo hamira huila kwa uvivu, kiputo kimoja kwa dakika kadhaa. Kwa hiyo kelele nyingi za mwanzo hazikuelezi chochote kuhusu mwisho.

Hebu tupige hesabu ya bia yako, maana namba ulizoniandikia zinatosha. Kopo la kilo 1.7 katika lita 20 huleta pointi 25 au 26 za uzito, pointi ikiwa ni ile tarakimu ya mwisho kwenye haidromita. Kilo ya sukari huleta kama 19. Jumla ni 45, yaani 1.045. Wewe ulisoma 1.043. Pointi mbili zimekwenda wapi? Zimekwenda kwenye joto. Haidromita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20. Soma shingoni mwa yako, imeandikwa. Maji yakiwa na nyuzi 29 ni mepesi zaidi, chombo huzama kidogo, na namba hushuka kwa pointi mbili hivi, au mbili na nusu. Ukitaka kuhakikisha, itumbukize kwenye maji safi yenye nyuzi hizo 29: utasoma 0.998. Yapoze mpaka nyuzi 20, utasoma 1.000. Kama haikusoma hivyo, karatasi ya ndani imeteleza, na ni bora ulijue hilo leo.

Basi ulianza na 1.045. Sukari ya dukani huliwa yote. Kimea cha kopo huacha kama robo yake bila kuliwa, yaani pointi sita au saba. Bia yako ilipaswa kuishia kati ya 1.006 na 1.008. Hiyo 1.010 hadi 1.014 uliyoisoma ni ya bia za kimea kitupu, na ni kweli kwa bia hizo. Yako ina kilo ya sukari ndani, na pombe inayotokana na sukari ni nyepesi kuliko maji, ikivuta namba chini zaidi. Hukuniambia bia ilikuwa na nyuzi ngapi ulipoisoma leo. Kama ilikuwa bado ina ubaridi wa barafu, 1.014 iko karibu na ukweli. Kama uliiacha mezani ikapata joto la chumba, basi kwa kweli ni 1.016. Kwa vyovyote vile, zimebaki kama pointi saba, pengine zaidi.

Pointi saba si kitu kidogo. Kila pointi moja inayochachia ndani ya chupa iliyofungwa hutoa karibu nusu lita ya gesi kwa kila lita ya bia. Saba ni lita tatu na nusu. Ongeza ile kidogo ambayo tayari imo ndani ya bia, ongeza na sukari unayotia chupani ili ipate povu, utafika karibu lita sita za gesi kwa lita moja ya bia. Hicho ni kiwango cha shampeni, na shampeni huwekwa kwenye chupa nene yenye kitako kilichobonyea na kizibo kilichofungwa waya. Bia ya kawaida hubeba mbili na nusu hivi. Hizo chupa tatu zilizopasuka, sasa unajua.

Watu wa nchi za baridi wana bahati moja ambayo sisi hatuna. Wakikosea wakafunga mapema, chumba chao cha chini kina nyuzi 12, bia inaweza kulala miezi. Kabati la Muyeye lina karibu nyuzi 30 usiku na mchana. Hamira uliyoilaza kwa barafu itaamka humo kabla ya wiki kwisha.

La kufanya. Itoe ndoo kwenye karai leo hii. Iache ipande yenyewe mpaka joto la chumba. Hatua hii ya mwisho haihitaji barafu, kwa kuwa ladha mbaya za joto hutengenezwa mwanzoni, hamira inapozaliana. Usifungue mfuniko. Shika ndoo kwa mikono miwili uizungushe taratibu, kama unavyozungusha sufuria ya mchuzi wa nazi usishike chini, ili lile tope la hamira linyanyuke. Usiitikise kwa nguvu. Hewa ikiingia kwenye bia iliyokwisha kuchacha, baada ya wiki chache utakunywa ladha ya boksi lililoloanishwa na mvua. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku mbili, kisha pima siku ya tatu.

Wakati huo huo, chota kikombe kimoja kutoka kwenye koki, kama mililita 200, utie kwenye chupa safi. Ongeza hamira nyingi kupita kiasi, kijiko kidogo kizima. Ya bia ni bora, lakini ya mkate itakupa jibu la karibu, maana hicho kikombe hutakirudisha kwenye ndoo. Funika mdomo kwa karatasi ya alumini bila kubana, weka juu ya friji ambako kuna joto, na kila ukipita kitikise. Baada ya siku mbili pima. Hiyo namba ndiyo mwisho wa safari ya bia yako, imefika kabla ya ndoo. Kikombe kikisoma 1.007 na ndoo bado iko 1.014, ujue kuna kazi haijafanywa. Vikisoma sawa, basi hesabu yangu ya hapo juu imekosea na bia yako ndivyo ilivyo.

Nakusisitizia kikombe kwa sababu ushauri unaoupata kila mahali ni wa kupima mara mbili, siku mbili au tatu mbalimbali, na namba ikiwa ile ile ufunge. Ushauri huo ni nusu tu. Bia iliyolala itakupa namba ile ile leo, kesho na wiki ijayo. Lazima namba itulie, na itulie mahali inapopaswa. Namba ya ndoo isiposhuka baada ya siku tatu za joto, chukua pakiti mpya ya hamira ya bia, iamshe kwenye maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa na kijiko cha kimea, ngoja itoe povu, ndipo uimimine ndani. Hamira inayotiwa kavu kwenye pombe hufa nyingi.

Kupima kwenyewe kuna hila zake. Bia changa imejaa gesi, na vitone vya gesi hushika kwenye haidromita vikaiinua kama jaketi la kuokolea maisha. Utasoma namba kubwa kuliko ilivyo. Mimina sampuli kutoka gilasi hii kwenda ile mara kumi hivi, kama muuza chai anavyopoza, ndipo uitie kwenye kipimo. Izungushe haidromita kidogo kwa vidole, isiguse ukuta, uinamishe macho yawe sawa na maji, usome pale maji yalipo bapa, si pale yanapopanda ukingoni. Pima na joto. Usirudishe sampuli ndooni, inywe.

Kuinywa ni sehemu ya kipimo. Haidromita hukueleza kuhusu sukari tu. Hamira ikimaliza sukari huwa haijamaliza kusafisha vyombo: kuna harufu ya tufaha bichi, kuna diasetili, ile harufu ya siagi au bisi za moto, na hamira yenyewe ndiyo huzila ikiachwa siku chache zaidi. Jaza gilasi mbili, moja uifunike na uisimamishe kwenye maji ya nyuzi 60 hadi 65 kwa dakika 20, uipoze, kisha unuse zote mbili. Kama iliyopashwa moto inanukia siagi, ongeza siku tatu. Kwa joto letu, bia ambayo haikulazwa hufika namba yake siku ya tano au ya sita, nami huiacha hadi ya kumi au kumi na mbili. Yako, baada ya mkasa huu, ipe wiki mbili tangu siku ulipotia hamira.

Nina jirani mgema, mtu wa kupanda minazi asubuhi na jioni, ambaye huicheka haidromita yangu. Yeye huinamisha sikio kwenye kibuyu, akaonja tone, akakuambia hili ni la asubuhi, hili limelala, hili mpe mpishi akatie kwenye achari. Hakosei. Lakini tembo hunywewa likiwa safarini. Hakuna anayengoja limalize, kwani likimaliza ni siki. Na hakuna mgema duniani anayefunga kibuyu kwa kizibo cha bati. Sikio lake lingetosha kabisa kama nasi tungekunywa bia kutoka kwenye ndoo ikiwa bado inavuma.

Siku ya chupa ikifika: gramu tatu za sukari kwa chupa ya nusu lita. Kijiko cha chai kikiwa bapa huzidi kidogo, kwa hiyo ni bora uipime sukari ya ndoo nzima kwa mizani ya jikoni, gramu 120 kwa lita 20, uichemshe na maji kidogo, uitie yote kwenye ndoo safi na uivute bia juu yake. Tumia chupa za bia za kahawia zilizotengenezwa kurudishwa kiwandani. Kama hoteli yako ni ya Wataliano, najua nyuma ya jikoni kuna rundo la chupa za mvinyo, na mvinyo usio na povu huja kwenye kioo chembamba: usiziguse. Za prosekko, ule mvinyo wao wa povu, ni imara, ila nyingi zinataka kizibo kipana cha milimita 29, si hiki cha kawaida cha 26.

Na chupa moja katika hizo iwe ya plastiki, ya soda, iliyooshwa. Ijaze sawa na wenzake, uikamue hewa, uifunge, uiweke mbele ya kabati. Kila asubuhi ibonyeze. Ikiwa ngumu kama soda mpya ya dukani, bia ya kwenye kioo nayo imefika. Hamishia friji zote unazoweza. Ikiwa ngumu kama jiwe siku ya pili, rudi kwenye blanketi na kikasha cha barafu bila kungoja ya kwanza ipasuke.

Mara nyingine badilisha hamira. Ziko hamira za mashambani kutoka Norway, zinaitwa kveik, zinazofanya kazi kwa nyuzi 30 na kupanda bila kuharibu ladha, na kwa pwani hii ni neema. Angalia tu usichukue za mtindo wa saison, bia ya mashambani ya Ubelgiji, bila kusoma pakiti. Baadhi yao wana damu ya aina ya hamira iitwayo diastatikasi, nazo huendelea kuvunja hata ile robo ya kimea ambayo wengine huiacha, wiki baada ya wiki.

Kaka yako Jumamosi mnunulie mnazi. Ukipata namba ya kikombe, niandikie pamoja na joto lake.